Mlinzi Tunayemwacha Makusudi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Kocha Verlyn Hruska niliporudi mjini kilikuwa mkono wake wa kulia. Ilikuwa Agosti, wiki yangu ya kwanza kufundisha darasa la tano katika shule ileile niliyosomea, na nilikuwa nikitembea kando ya barabara ya changarawe kwenda kazini. Pikapu yake nyeupe ilikuja polepole kutoka upande wa maghala ya nafaka. Ndani alikuwa peke yake. Kila alipokaribia mlingoti wa umeme, mkono ule uliinyanyua chupa ya kahawa, ukaisogeza kwenye kiti cha abiria kilichokuwa kitupu, ukasita hapo kidogo, kisha ama ukaiachia kitini ama ukairudisha kifuani kwa kasi. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilifikiri mtu huyu anaumwa.

Siku tatu baadaye alikuja darasani kwangu wanafunzi walipokwisha kuondoka. Alikuwa amevua kofia, na buti zake zimejaa tope la mashambani.

"Wewe ndiye uliyekuwa unanishangaa barabarani," alisema.

"Samahani, Kocha."

"Usiombe samahani. Nilikuwa mazoezini. Mlingoti ulioinamia barabara, huyo ni mlinzi aliyemfuata mkimbiaji wangu, kwa hiyo nabaki na mpira. Uliosimama wima, huyo ananingoja mimi, kwa hiyo mpira nautoa. Sasa niulize kama nimewahi kukosea."

"Umewahi?"

"Barabarani? Hata siku moja. Barabarani sisi ni mabingwa."

Alitaka mtu wa kusimama juu ya pikapu na kuipiga picha za video timu yake ya watoto wa miaka kumi na kumi na mmoja. Nilikubali. Hapa Osterly, vuli ikifika, kila mtu hukubali jambo moja linalohusu mpira, hata kama ni kukaanga bisi tu. Na mpira tunaousema ni ule wa Kimarekani, wa kukumbatia na kukimbia nao. Ule mwingine wa miguu watu wa Nebraska magharibi wanausikia kwa mbali.

Verlyn ana miaka hamsini na minne. Kazi yake ni kutengeneza mitambo ya kumwagilia, ile mirefu yenye magurudumu inayozunguka katikati ya mahindi kama mshale wa saa. Mtambo ukikwama saa tisa alasiri katika joto la Julai, mkulima hampigii mtu mwingine. Ni fundi mvumilivu. Nimemwona akilala chali chini ya gurudumu kwa saa nzima akitafuta waya mmoja uliotafunwa na panya, bila kutukana. Lakini mpe filimbi na watoto kumi na wanne, na uso wake huwa mwekundu kabla hata hawajamaliza kufunga kamba za viatu.

Mwaka huu aliamua kwamba watacheza mchezo wa chaguo. Alichora mbinu tisa nyuma ya karatasi za kazi zake, na mkewe, Luella, akaniambia kwamba nyingine alizichora kwenye mfuko wa unga akiwa anangoja mikate iumuke. Sababu zake zilikuwa nzuri, na mimi niliziamini. Hadley, mji wa jirani, wana watoto thelathini na wawili. Sisi tuna kumi na wanne, na watatu kati yao hawafiki kwenye kiwiko cha wenzao. Kurusha mpira mbali hatuwezi, maana upepo wa huku huurudisha. Mchezo wa chaguo unampa mnyonge mtu mmoja wa ziada, na unampa bure.

Uko hivi. Mchezeshaji, yaani yule anayeanzisha kila shambulizi, anaupokea mpira, anauingiza tumboni mwa mkimbiaji wa kati anayepita mbele yake mbio, na kwa nusu sekunde wote wawili wanaushika. Katika nusu sekunde hiyo mchezeshaji anamtazama mlinzi mmoja wa timu pinzani, yule wa ukingoni, ambaye sisi tumemwacha makusudi bila kumzuia. Mlinzi akimrukia mkimbiaji, mchezeshaji anauvuta mpira na kukimbia nao mwenyewe. Mlinzi akisimama kumngoja mchezeshaji, mkimbiaji anaachiwa mpira aende nao. Vyovyote mlinzi atakavyochagua, amekosea. Hakuna mtu aliyemgusa, lakini ameshatolewa mchezoni. Kuna pia chaguo la tatu, la kumrushia mpira mkimbiaji wa pembeni, nalo ndilo Verlyn alilolipenda kuliko yote.

Mchezeshaji wetu ni Joslyn Kubik, msichana wa darasani kwangu, mwembamba, mwepesi wa mbio na wa mdomo. Wavulana walimcheka siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu walichoka kumkimbiza wakaacha.

Basi tukaanza kufungwa.

Mchezo wa kwanza tulifungwa alama thelathini na mbili kwa bila. Wa pili, ishirini na sita kwa sita. Baada ya wa tatu Verlyn alilifuta chaguo la kurusha pembeni, kwa sababu mikono ya watoto ilikuwa na baridi na mpira ulianguka mara saba. Alikaa kwenye ngazi ya pikapu na kalamu nyekundu, akakata karatasi moja, akakata ya pili, akakata ya tatu. "Hii ilikuwa tamu," alisema juu ya kila moja. Baada ya mchezo wa nne zilibaki mbili. Baada ya wa tano ilibaki moja, ile ya toa au baki nao, kulia na kushoto. Bado hatukuwa tumeshinda.

Asubuhi za Jumatatu alipopita duka la chama cha wakulima kuchukua vipuri, wazee wa meza ya kahawa walikuwa wakimngoja.

"Verlyn! Nasikia Jumamosi mlikuwa na machaguo."

"Tulikuwa nayo."

"Kufungwa mapema au kufungwa baadaye, siyo?"

"Kunywa kahawa yako, mzee, isije ikapoa kama mahindi yako ya mwaka jana."

Wakacheka, na yeye akacheka, lakini alipotoka nje aliubamiza mlango wa pikapu mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa umeshafungika vizuri.

Darla Pospisil, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yeye hakutania. Alimfuata uwanjani baada ya mchezo wa tano, ameshika sinia tupu la vimikate vya zambarau kavu alivyowaokea watoto.

"Verlyn, nakupenda kama kaka. Nimekaa kimya wiki tano."

"Sema tu, Darla."

"Kuna kijana kule Hadley amejitolea kutufundishia timu mwakani. Ana mbinu za kurusha, za kisasa. Kamati inamtaka. Nimewaambia wangoje mchezo wa mwisho. Jumamosi ijayo mkishinda, filimbi ni yako mpaka uchoke. Mkifungwa, nitakuomba uirudishe, na tafadhali usinifanye nikuombe mara mbili."

"Na mchezo wa mwisho ni na Hadley."

"Sikuipanga mimi ratiba."

Niliyasikia hayo yote nikiwa juu ya pikapu nikikunja waya wa kamera. Verlyn hakuniangalia. Alisema, "Mwalimu, zile picha zako. Njoo nazo kesho karakana."

Tulikaa Jumapili ile, baada ya kanisa, kwenye karakana yake kati ya magurudumu na mabomba, tukatazama michezo mitano. Tuliitazama mara nyingi hata nikaanza kuijua sauti ya kila mama. Na hapo ndipo tulipomwona Gunnar.

Gunnar Oltmans ni mzuiaji wetu wa kulia. Uzito wake umepita kiwango cha ligi, kwa hiyo helmeti yake imebandikwa mstari mweupe, na mwenye mstari haruhusiwi kukimbia na mpira. Kazi yake ni moja: ampite yule mlinzi wa ukingoni kama hamwoni, aende akamzuie mtu wa nyuma yake. Katika picha, kila mara, Gunnar alianza vizuri. Hatua ya kwanza, ya pili. Kisha alisita, akageuka, akarudi kumkumbatia mlinzi tuliyemwacha makusudi. Yule wa nyuma alibaki huru, akaja akamlaza mkimbiaji wetu chini. Mara arobaini na moja katika michezo mitano. Nilihesabu.

"Nimemwambia," Verlyn alisema. "Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa kelele. Nimemchorea. Mtoto anasema ndiyo Kocha, halafu anarudi palepale. Ana nini huyu?"

Jumatatu mazoezini alimwita pembeni. Nilikuwa karibu.

"Gunnar, mwanangu. Kwa nini unamrudia?"

"Nikimwacha anapita, Kocha."

"Apite! Ndicho tunachotaka!"

"Halafu?"

"Halafu siyo kazi yako!"

Gunnar alitazama viatu vyake. "Baba husema wa mwisho kupita ndiye anafunga geti."

Sote Osterly tunajua kilichotokea kwa akina Oltmans mwaka juzi. Geti la malisho liliachwa wazi, ng'ombe wakatoka hadi barabara kuu, na lori likaua mitamba wanne. Wa mwisho kupita geti lile alikuwa Gunnar, akiwa na miaka tisa. Hakuna aliyempiga. Baba yake hakulitaja tena jambo hilo. Lakini tangu hapo mtoto yule akitoka darasani kwangu huufunga mlango hata kama wenzake kumi bado wako nyuma yake.

Jumanne Verlyn alikuja na geti halisi, la mabomba, amelifunga juu ya pikapu. Akalisimamisha kati ya mapipa mawili pembeni mwa uwanja.

"Fungua," alimwambia Gunnar. "Pita. Liache wazi. Njoo mpaka kwangu."

Gunnar alifungua, akapita, akaenda hatua sita. Akarudi akafunga.

"Tena."

Hatua nane. Akarudi. Wenzake walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakifurahia.

"Gunnar, ng'ombe hao wanakuja! Yule mweusi ametangulia!"

"Muuu!"

"Nyamazeni!" Verlyn alifoka. "Tena!"

Mara ya tano, ya sita, ya saba. Mashavu ya Gunnar yalikuwa yanatetemeka, na shingo ya Kocha ilikuwa imevimba mishipa. Nilitaka kushuka niseme basi inatosha, ni mtoto. Lakini Verlyn alivua kofia, akajifuta uso nayo, akaongea kwa sauti ya yule fundi niliyemwona chini ya gurudumu.

"Nisikilize. Sisemi geti lisifungwe. Nasema si lako. Geti hili lina mwenyewe, na mwenyewe ni Joslyn. Yeye ndiye ataamua lifungwe au lisifungwe. Ng'ombe wakitoka, ataulizwa yeye. Wewe hutaulizwa na mtu."

"Mimi?" Joslyn alisema kutoka kwenye nyasi.

"Wewe."

Joslyn alisimama, akajipangusa magoti, akaenda kusimama kando ya bomba la geti, mikono kiunoni. "Haya, Gunnar, nenda bwana. Nimeliona. Mimi niko hapa."

Gunnar alifungua, akapita. Hatua sita, nane, kumi. Kichwa kilitaka kugeuka. Tuliiona misuli ya shingo ikibishana nacho. Hakugeuka. Alipomfikia Kocha alikuwa akilia, na hakuna aliyelia kama ng'ombe.

Ningependa kusema mambo yalinyooka kuanzia hapo. Jumatano Gunnar alimwacha mlinzi wa mazoezi mara kumi na tano kati ya ishirini, akaenda kwa yule wa nyuma akamfagia. Njia ikafunguka wazi. Na sasa kwa kuwa ilikuwa wazi, tukaona tatizo la pili, ambalo Gunnar alikuwa amelificha kwa wiki tano. Joslyn alikuwa anachelewa. Mpira unaingia tumboni mwa mkimbiaji, nusu sekunde inapita, nyingine inapita, na bado mikono minne imeushika. Unaanguka. Unaanguka tena.

"Toa! Toa!" Verlyn alipiga kelele. "Baki nao! Baki! Toa! Ah, Joslyn!"

Kofia ilirushwa chini. Jumatano ile ilirushwa mara nne.

Alhamisi, mapumziko ya kunywa maji, nilimwita juu ya pikapu nikamwonyesha picha za jana kwenye simu, polepole.

"Tazama macho yake, Kocha. Siyo mikono."

Alitazama. Kila mara, kabla tu ya kuamua, helmeti ya Joslyn iligeuka kidogo kushoto, mbali na mlinzi.

"Jua linamchoma," alisema.

"Jua liko nyuma yake."

"Basi kuna nini kule kushoto?"

Nilimwachia simu mkononi, maana mimi ni mdogo kwake na nilimheshimu. Aliirudisha picha mwanzo mwenyewe, akaitazama tena. Na kwenye ukingo wa kushoto wa picha, akiruka juu na mikono hewani, alikuwa yeye.

Wakati huohuo Joslyn alikuja na chupa yake ya maji, akasimama chini ya pikapu. Nadhani alikuwa amejiandaa siku nyingi.

"Kocha, niulize kitu bila wewe kukasirika?"

"Uliza."

"Nikikusikiliza nachelewa. Nisipokusikiliza unanifokea. Sasa kati ya hayo mawili nichague lipi?"

Watoto wawili watatu waliacha kunywa. Verlyn alishuka, akalipita geti lake la mabomba, akaenda hadi mwisho wa uwanja, akasimama akitazama mahindi yaliyokauka ya jirani. Nikawapanga watoto kukimbia mizunguko kwa sababu sikujua la kufanya. Aliporudi alisema mazoezi yamekwisha, nendeni nyumbani.

Tulikusanya mapipa sisi wawili. Tulipolinyanyua geti, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Miaka minne nilikuwa mzuiaji wa kulia wa shule ya upili. Alipo Gunnar. Unajua nini juu ya kazi ile? Unampita yule mtu, unaenda mbele, unapigana na wa nyuma, uso kwenye majani. Kila kitu kinatokea mgongoni kwako. Nilisikia uwanja mzima ukipiga kelele, na sikujua kama ni sisi au ni wao. Miaka minne, Mwalimu. Baba akiniuliza jioni, mlifungaje ile ya pili? Simwelezi, sikuiona. Mpira wenyewe sikuwahi kuugusa. Nikajiambia siku nikiwa kocha nitasimama pale penye kuona kila kitu, na hakuna kitakachonipita."

"Na sasa unaona kila kitu."

"Naona kila kitu, na hakuna ninachoweza kukigusa!" Alilisukuma geti likagonga sakafu ya nyuma ya pikapu kwa kishindo. "Nauona mlango umefunguka, mpana kama wa kanisa, na mtoto anasimama hapo. Ningeweza kuingia mle na baiskeli! Unajua inavyoniuma?"

Nilimwambia ninajua, ingawa sidhani kama nilijua.

Leo ni Ijumaa. Alikuja darasani wakati wa chakula cha mchana, watoto wakiwa ukumbini. Hakuketi. Alisema amelala vibaya na Luella amemfukuza jikoni kwa sababu alikuwa akimwelekeza namna ya kukunja mikate ya kabichi na nyama, kazi ambayo Luella ameifanya tangu kabla hawajaoana.

"Kesho usipige picha," alisema.

"Kwa nini?"

"Nataka usimame nami. Una buti?"

"Ninazo za shambani kwa baba."

"Zenye kisigino?"

"Ndiyo."

"Vaa hizo. Nikifungua mdomo kabla mpira haujatoka mikononi mwa Joslyn, nikanyage. Usiniulize kama umeniumiza. Nimeshamwambia yeye mwenyewe asubuhi, pale kwenye basi la shule. Nimemwambia hatasikia neno."

"Akasemaje?"

Verlyn alikaribia kutabasamu. "Akasema, 'Tutaona.'"

Alipofika mlangoni alisita. Gunnar alikuwa akirudi kutoka ukumbini peke yake, wa kwanza kumaliza kula kama kawaida. Walitazamana. Gunnar alipita ndani, akaenda hadi kwenye dawati lake. Mlango ulibaki wazi, na Kocha, mkono umeshafika kwenye kitasa, akauondoa akauficha mfukoni, akaondoka hivyo.

Hadley wana mlinzi wa ukingoni mmoja mrefu, namba themanini na moja, mwenye papara. Wiki zote tano tulizofungwa nimekuwa nikisikia habari zake. Huwa anamrukia mkimbiaji wa kati bila kufikiri, wanasema. Ikiwa ni kweli, basi kesho mara ya kwanza tukipata mpira, Gunnar atampita, namba themanini na moja ataruka, na kwa nusu sekunde upande wote wa kulia wa uwanja utakuwa mtupu hadi kwenye mstari wa mwisho. Joslyn atakuwa ameushika mpira. Upepo unatabiriwa kuwa mdogo, na asubuhi kutakuwa na umande ulioganda.

Nimezisafisha buti nikaziweka karibu na mlango. Mchezo unaanza saa nne.